Kijiko cha Samli na Kifuko cha Nyongo

Wadogo zangu wa chumba cha picha, siku mliyoniaga mlinipa keki, kitenge na kiti cha kukalia barazani, kana kwamba miaka yote hii nilikuwa nimesimama. Kweli nilikuwa nimesimama, na magoti yangu yanawashukuru. Mmoja wenu aliniuliza jambo wakati wengine mnapanga mistari ya kupiga picha, nami sikumjibu kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa keki. Aliuliza kwa nini katika chumba chetu kila mtoto mwenye maumivu ya tumbo lazima mlezi wake aulizwe lile swali refu kabla mtoto hajapanda kitandani. Sasa nimekaa kwenye kiti chenu hapa nyumbani Kisesa, najibu kwa maandishi. Nitaanzia mbali kidogo. Mnivumilie, mstaafu hana foleni nje ya mlango.

Nilipoanza kazi katika hospitali ile ya Mwanza, ultrasound hatukuwa nayo. Tulikuwa na mashine ya eksirei yenye mlio wa trekta na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Bwana wa chumba hicho alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mrefu, mkavu, ambaye kucha zake ziligeuka kahawia kwa dawa za filamu. Siku ya kwanza niliingia na koti langu jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Kupiga picha, mzee."

"Basi vua hilo koti. Utaanza kufua."

Nikafua filamu wiki tatu nzima. Mashine niliifuta vumbi tu. Kila filamu ilipokauka, Mzee Magesa aliibandika kwenye taa na kuniuliza naona nini. Nikitaja kitu ambacho hakipo, alinyamaza. Nikisema sioni kitu, alinyamaza vilevile, na nilikuwa simjui bado, kwa hiyo nilidhani ananichukia. Siku moja nikaandika kwenye daftari kwamba mbavu za mgonjwa hazina ufa. Akachukua kalamu, akakata mstari wangu wote.

"Umeandika ufa haupo. Wewe umezionaje mbavu za huku nyuma, zilizofunikwa na moyo?"

"Sijaziona, mzee."

"Basi andika hujaziona. Aliyekwambia haupo ni nani?"

Niliona ananionea. Leo ningempa kile kiti chenu akalie yeye.

Ultrasound ilipofika, ilikuja katika maboksi matatu na kitabu cha maelekezo kilichopotea kabla ya chakula cha mchana. Mzee Magesa, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alitazama kioo akasema anaona mvua tu. Baada ya miezi mitatu alikuwa anaona zaidi yangu. Tulijifunza pamoja, tukipimana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana nayajua matumbo ya nusu ya wafanyakazi wa wakati ule, na nitakwenda na siri zao kaburini.

Sasa kuhusu mawe. Chuoni nilifundishwa kwamba mawe kwenye kifuko cha nyongo ni ugonjwa wa akina mama watu wazima wenye miili mikubwa. Mtoto hakutajwa. Nikaja kazini nikakuta watoto. Wengi walikuwa wa kliniki ya sikoseli, ambao huku Kanda ya Ziwa tunao wengi mno. Mnajua ilivyo: chembe nyekundu za damu zao zinavunjika mapema, na rangi ya chembe zilizovunjika inaishia kwenye ini, kisha kwenye nyongo. Ikizidi, inaganda. Mawe yao ni madogo, meusi, kama mbegu za papai zilizokauka. Wapo wengine niliowaona na mawe: watoto njiti waliolishwa kwa mishipa muda mrefu, na siku hizi vijana wanene wa mjini wanaokula chipsi asubuhi na jioni. Lakini wa sikoseli ndio walionifundisha kazi.

Walinifundisha kwanza habari ya jeli, ule ute tunaoupaka tumboni kabla ya kupima. Mtoto wa sikoseli na baridi hawapatani, maana baridi inaweza kumwamshia maumivu. Sisi tulikuwa tunawamwagia jeli iliyolala kwenye sakafu ya saruji. Kuna mmoja aliruka nusura aanguke, akaniuliza, "Mama, kwani nimekukosea nini?" Kesho yake nilikuja na beseni langu la plastiki na chupa ya chai yenye maji ya moto, nikaichovya ile chupa ya jeli humo. Walinicheka, wakaniita mama lishe. Beseni mnalotumia leo ni la nne, lakini wazo ni lile lile, na sioni haya kusema najivunia.

Kisha kuna kufunga. Kifuko cha nyongo kinajaa mtu asipokula. Akila, hasa mafuta, kinajikamua kusukuma nyongo tumboni, kinasinyaa, na jiwe lililomo unaweza usilione. Kwa hiyo mtoto anafunga saa sita, ila huyu wa sikoseli asinyimwe maji matupu, na awe wa kwanza asubuhi. Ukimpima, mgeuze alale upande wa kushoto. Jiwe linaviringika, na chini yake linaacha kivuli cheusi kilichonyooka. Gesi ya utumbo nayo ina kivuli chake, ila ni kichafu, kinachezacheza. Haya mnayajua. Na mimi niliyajua, tena nilikuwa nayafundisha, mwaka ule alipoletwa Minza.

Minza alikuwa na miaka tisa, mtoto wa Sengerema, sikoseli yake ilijulikana tangu akiwa mdogo. Alikuja na bibi yake, Bibi Kabula, mama wa baba yake, kwa sababu mama mzazi alikuwa na kichanga nyumbani. Walivuka na kivuko cha kwanza. Tumbo lilikuwa linamuuma na kuacha, linamuuma na kuacha, na kule kwao kila mara waliambiwa ni sikoseli tu. Hilo nalo ni tatizo letu kubwa: mtoto akishaitwa wa sikoseli, hata akikanyaga mwiba watu wanasema ni sikoseli.

"Bibi, mtoto amekula chochote leo?" nikauliza, mkono tayari uko kwenye jeli.

"Hajala, mwanangu. Tumbo lake tupu kabisa."

Nikapima. Kifuko kilikuwa kimesinyaa kama soksi. Ndani yake niliona kivuli kidogo upande mmoja. Nilikigeuzia probu, kile kichwa cha mashine tunachotelezesha tumboni, mara mbili, kikabaki kama kipo na kama hakipo. Nje kulikuwa na watu ishirini. Tena, nilikuwa na sifa yangu, nami sifa hiyo niliipenda: watu walisema yule mama harudishi mgonjwa mara mbili. Nikajiambia ni gesi. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: hakuna mawe.

Mnaona nilichoandika. Mzee Magesa alikuwa amekwisha kustaafu, hakuwepo mtu wa kunikatia mstari.

Minza akarudi Sengerema na dawa za maumivu. Baada ya miezi mitatu akaletwa tena, na safari hii homa ilikuwa inamtetemesha. Macho yake, ambayo siku zote yalikuwa na unjano kidogo kama ya wenzake wengi wa sikoseli, yalikuwa manjano ya binzari. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama soda. Wodini walikuwa wamefungua faili lake, wamekuta karatasi yangu inayosema hakuna mawe, wakaamini. Nani asingeamini? Wakaanza kumtibu kama mtoto ambaye sikoseli imelipiga ini lake: dripu, dawa za homa, tusubiri. Daktari Rwegasira, mpasuaji wa watoto, hakuwa hata ameitwa. Mtoto alikuwa anaisha, na kilichokuwa kimemfungia mlango daktari wa upasuaji kilikuwa ni mstari wangu mmoja.

Wakamleta chumba cha picha asubuhi ya pili, kwa ajili ya kuangalia ini. Nilitoka nje kuita jina nikamkuta Bibi Kabula ameketi kwenye benchi, amempakata Minza, mkononi ana kichupa kilichofungwa kwa kipande cha kanga, na kijiko kimeshajaa. Mtoto alikuwa amegeuza uso, amefumba mdomo.

"Bibi, hicho ni nini?"

"Samli, mwanangu. Dawa ya tumbo. Ya ng'ombe wetu wenyewe."

"Usimpe kwanza. Tafadhali." Nikamshika mkono, na kijiko kikamwagikia gauni langu. "Ile mara ya kwanza mlipokuja, ulimpa?"

"Nilimpa. Pale kwenye kivuko, tumbo lilipomshika. Vijiko viwili."

"Lakini nilikuuliza kama amekula."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Dawa nayo ni kula?"

Nyumba nyingi za wafugaji wa huku, samli ya kijiko ni dawa ya tumbo la mtoto tangu enzi. Mimi mwenyewe Msukuma, nimenyweshwa hiyo samli na bibi yangu hapahapa Kisesa, nikibanwa pua. Nililijua jambo hilo kuliko ninavyoijua mashine, ila nilipovaa koti jeupe nililiacha nyumbani.

Nikachuchumaa mbele ya mtoto. "Minza, mbona hutaki dawa ya bibi?"

"Inauma."

"Nani inamuuma?"

"Mimi. Nikimeza, baadaye inauma hapa." Akagusa chini ya mbavu za kulia. "Halafu inapanda huku." Akagusa bega.

"Anasema hivyo kila siku," bibi akasema. "Nani asiyejua watoto hawapendi dawa?"

Miezi mingi mtoto yule alikuwa anawasomea watu wazima ugonjwa wake neno kwa neno. Kila kijiko kilikikamua kifuko juu ya mawe, naye alisema, na tukamwona msumbufu.

Nikampandisha kitandani. Jeli ilikuwa ya moto. Kifuko safari hii kilikuwa kimejaa, na mawe yalikuwa saba ninayoweza kuyahesabu, yenye vivuli vilivyonyooka kama rula. Nikamgeuza kushoto, yakaviringika. Nikafuata mrija wa nyongo, nikaukuta umevimba, na mwisho wake, pale unapoingilia utumbo, jiwe moja limekaa limeziba. Homa, unjano na mkojo mweusi vyote vilitoka hapo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Ningeweza kuandika majibu mapya tu. Miezi mitatu imepita, mawe yanaweza kuota, hakuna ambaye angeniuliza. Nilikaa kwenye kile kiti cha mpimaji chenye magurudumu nikaogopa. Niliogopa kwa jina langu, sitawaficha. Halafu nikaenda kabatini nikatoa picha ya mara ya kwanza. Kile kivuli kilikuwepo. Kilikuwa kimenyooka. Hata ninyi wa mwaka wa kwanza mngekiona.

Nikachukua picha zote mbili, nikaenda kumtafuta Daktari Rwegasira mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, gauni langu likinuka samli.

"Daktari, mtoto huyu ni wako, siyo wa wodi ya dripu. Jiwe limeziba mrija. Na hili la kwanza nililiona, nikaliita gesi. Niliandika hakuna. Nilipaswa kuandika arudiwe."

Aliziweka picha mbili bega kwa bega, akaziangalia moja baada ya nyingine.

"Kwa nini unaniambia la kwanza?" akauliza. "La pili lingetosha."

"Kwa sababu wodini wanaiamini ile karatasi ya kwanza. Isipokatwa, kuna mtu atabishana na wewe wakati mtoto anaondoka."

Akatoa kalamu mfukoni akanipa. "Ikate mwenyewe."

Nikaikata. Nikasaini pembeni.

Hawakumpasua siku hiyo. Kwa mtoto wa sikoseli huwezi kuvamia tu. Walimpa dawa kali za mishipa kuzima maambukizi, wakamwongezea maji na damu, wakamfunika mablanketi, na watu wa usingizi walijiandaa asipungukiwe hewa wala asipate baridi hata chembe. Siku ya tatu, asubuhi, aliingia. Mimi nilikuwa zamu ya mapumziko, nikaja nikakaa na bibi kwenye benchi.

Baada ya saa nzima bibi akasema, bila kunitazama, "Nesi mmoja ameniambia samli ndiyo iliyomharibu. Niambie kweli. Ni mimi?"

"Siyo wewe, bibi. Mawe yametoka kwenye damu yake. Damu ya sikoseli inavunjika, inaacha masalia, masalia yanaganda. Hata asingeonja samli maisha yake yote, yangeota. Samli ilikibana tu kile kifuko, akasikia maumivu."

"Kwa hiyo nilimwongezea maumivu."

"Ulimwongezea. Hukujua. Lakini mwenye kosa ni mimi, bibi. Mara ya kwanza niliona kitu, nikasema hakuna. Mngerudi kesho yake tu, angepasuliwa akiwa na nguvu."

Nilitegemea anitukane. Kwa kweli ningepata nafuu. Akafungua fundo la kanga, akatoa kile kichupa, akakitazama, akakirudisha.

"Ulikuwa na haja gani ya kuniambia?" akasema. "Mimi ningekufa sijui."

"Nisingelala, bibi."

"Mh. Haya. Basi tusubiri wote."

Akasogea, bega lake likagusa langu, tukasubiri. Daktari Rwegasira alitoka na kikombe kidogo cha plastiki, ndani mna mbegu zake za papai, saba za kwenye kifuko na moja ya kwenye mrija. Bibi Kabula akaomba kuzishika. Akazihesabu kwenye kiganja, akanihesabia na mimi. Nililia mbele ya watu, mimi niliyekuwa mkubwa wa chumba.

Minza alikaa wodini wiki mbili na mpira wa kutolea nyongo pembeni mwa tumbo, akiwatisha nao watoto wengine. Kifuko chenyewe kilitolewa, na mtu anaishi vizuri bila hicho. Sikoseli ilibaki, kliniki ilibaki, lakini yale maumivu ya kula yakaisha.

Na swali letu likaanza wiki hiyohiyo. Nililiandika kwa mkono kwenye karatasi nikalibandika mlangoni: "Tangu jana jioni, nini kimepita mdomoni mwa mtoto, iwe chakula, kinywaji au dawa ya nyumbani? Na sindano gani amechomwa wiki mbili hizi?" Mstari wa chini yake ni wa Mzee Magesa, mnaujua: usiyemwona vizuri, andika hujamwona, arudi kesho.

Habari ya sindano niliiongeza baadaye kidogo, na ilitulipa vizuri. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, alimleta mwanaye aliyetoka kuugua nimonia. Kifuko kimejaa vitu vinavyong'aa na vivuli. Baba alikuwa ameshapiga simu kutafuta ndege ya kumpeleka mtoto kupasuliwa ng'ambo. Nikauliza swali, nikaambiwa amechomwa seftriaksoni siku kumi. Dawa ile kwa watoto inaweza kutulia kwenye nyongo ikajifanya mawe. Daktari wake akakubali wasubiri. Baada ya wiki tatu nikampima tena, kifuko safi kabisa. Baba akaamini nimeombea. Nilimweleza mara mbili, akaitikia kwa heshima, akaniletea sahani ya ladu, vile vitamu vyao vya mviringo, na kuniomba nimwombee na dukani.

Siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mnakata ile keki, mliona binti aliyeingia na mkoba mkubwa mkadhani ni ndugu yangu. Alikuwa Minza. Anasomea ualimu sasa, amekuwa mrefu, macho yake bado yana ule unjano kidogo wa siku zote. Amepita darajani, siku hizi hawangoji kivuko. Alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumbo?"

"Tumbo zima. Bibi anakusalimia. Hawezi kusafiri tena, miguu."

Akafungua mkoba, akatoa chupa, kubwa safari hii, imefungwa kwa kipande cha kanga. Nikaitambua kabla hajafungua. Harufu yake iliwahi kukaa kwenye gauni langu wiki nzima.

"Bibi amesema nikueleze hivi hivi alivyosema," akaendelea, akijizuia kucheka. "Amesema hii ni chakula, siyo dawa. Uile na ugali. Halafu amesema na wewe sasa umeshazeeka, utaanza kuugua. Siku ukienda kupimwa, wakikuuliza, useme umeila."